Jinsi ya kuchagua digrii ya biashara ya jioni au wikendi ukiwa kazini, hatua kwa hatua

Habari wadau. Kila dirisha la udahili likikaribia, watu ofisini kwetu wanaanza kunifuata, "nataka nikasome BBA (digrii ya usimamizi wa biashara) jioni, nianzie wapi?" Mimi niko HR kwenye kampuni binafsi hapa Dar, barua za kuomba ruhusa ya kusoma zinapita mezani kwangu, na digrii yangu mwenyewe niliisoma jioni huku nafanya kazi, kwahiyo haya mambo nayajua pande zote mbili. Na kitu ninachowaambia wote ni hiki: usianze na jina la chuo, anza na masaa yako. Wengi ninaowaona wanaacha katikati akili wanazo, tena nyingi, ila ratiba ndo imewashinda.

Hatua ya 1: Hesabu masaa kabla hujahesabu ada

TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanapima masomo kwa krediti, na krediti moja ni masaa 10 ya kujifunza, humo ndani kuna darasa, kujisomea, asaimenti, mpaka kufanya mtihani wenyewe. Digrii ya kwanza inataka krediti zisizopungua 360. Ukiisoma miaka mitatu ni 120 kwa mwaka, yaani masaa 1,200. Semista kwenye vyuo vingi ni kama wiki 17 pamoja na mitihani, mbili zinakuwa 34, sasa gawanya, unapata kama masaa 35 kila wiki. Huku sheria ya kazi ya 2004 inamruhusu bosi wako kukufanyisha masaa 45 ya kawaida kwa wiki. Jumla 80, na foleni bado hujaiweka.

Digrii hiyo hiyo ikitandazwa miaka minne inashuka mpaka krediti 90 kwa mwaka, kama masaa 26 au 27 kwa wiki. Tofauti ni kubwa mno. Kwahiyo swali la kwanza kwenye ofisi ya udahili liwe, hii programu ya jioni ni ya miaka mingapi? Maana kuna sehemu wa jioni wanasoma miaka ile ile mitatu na masomo yale yale ya wa asubuhi, kilichobadilika ni saa ya kuingia darasani tu.

Alafu chukua karatasi uandike Jumanne yako ilivyo kweli, sio unavyotamani iwe. Mfano mtu anafanya kazi Mikocheni, anatoka saa 11 jioni, darasa liko Posta saa 11 na nusu, anakaa Mbagala. Hapo kipindi cha kwanza atachelewa karibu kila siku, atatoka saa 3 usiku, kufika nyumbani saa 4 na kitu, na saa 10 na nusu alfajiri yuko macho tena. Huyo mtu asome muda gani? Bora achague chuo kilicho njiani kati ya kazini na nyumbani, hata kama sio kile alichokuwa anakiota, kuliko chuo chenye jina ambacho atakifikia kipindi kimeshaisha.

Hatua ya 2: Chagua namna ya kusoma

Kama kazi yako ni ya ofisini na saa ya kutoka inaeleweka, jioni inawezekana, vyuo kama IFM na CBE pale mjini vina madarasa ya jioni. Kama unaingia shifti (nesi, mlinzi, mtu wa bandarini, wa hotelini) naomba usijidanganye na jioni, shifti ikigeuka umekosa wiki nzima na testi imepita. Kwa watu wa shifti na walioko mikoani mimi nawaelekeza Chuo Kikuu Huria, OUT, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wa namna hii hii na kina vituo mikoani, na unaweza kwenda kwa mwendo wako. Ila pale hakuna mwalimu wa kukufuata wala darasa la kukuvuta, unasoma mwenyewe, kwahiyo kama unajijua bila kusukumwa husomi, tafuta wenzako wawili watatu wa programu hiyo hiyo kabla hata hujalipa.

Wikendi inapendwa sana. Kabla hujaichagua uliza kitu kimoja, mitihani ya mwisho inafanyika siku gani? Mara nyingi darasa ni Jumamosi lakini mitihani imepangwa katikati ya wiki asubuhi, na hapo ndo ugomvi na bosi unapoanzia.

Hatua ya 3: Digrii ipi hasa

Hapa ndo pa kutulia. "Biashara" ni neno pana, kuna uhasibu, benki na fedha, masoko, ununuzi na ugavi, rasilimali watu, kodi, bima, na hiyo BBA ambayo inagusa kila kitu kidogo kidogo. Fanya hivi, tafuta matangazo ya kazi kama kumi ya cheo unachokitaka miaka mitano ijayo, sio cheo ulichonacho leo, alafu soma mstari wa sifa tu. Andika kinachojirudia.

Kuna dada tulikuwa naye stoo, alikuja kashaamua BBA kwa sababu wenzake wote wamesoma BBA. Tukakaa naye tukafungua matangazo ya maafisa ugavi, karibu kila moja linataka digrii ya ununuzi na ugavi na usajili wa PSPTB, ile bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Akabadilisha pale pale. Angesoma BBA angeishia kuanza upya na mitihani ya bodi akiwa hana msingi wake. Kwenye uhasibu ni vile vile, kama ndoto yako ni CPA, ile sifa ya mhasibu kamili, angalia NBAA (bodi ya wahasibu) wanakuanzishia ngazi gani, maana mwenye digrii ya uhasibu anaruka ngazi ambazo mwenye digrii nyingine lazima azipitie.

BBA naipendekeza kwa mtu mwenye biashara yake, au ambaye tayari ni msimamizi na kinachomkwamisha kupanda ni karatasi tu.

Hatua ya 4: Sifa zako

Fomu six kwa kawaida ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, diploma ni GPA ya 3.0, alafu kila programu ina masharti yake, mfano wengine wanataka hesabu ya fomu foo. Hujafikisha? OUT wana kozi ya msingi, foundesheni, na kuna njia ya RPL ya kutambua ujuzi ulioupata kazini, unafanya mtihani. Hakikisha programu yenyewe, sio chuo tu, imo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU cha mwaka huo.

Hatua ya 5: Pesa

Mkopo wa HESLB, yaani bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, usiuweke kwenye mahesabu, masharti yao yanawatoa watu wenye ajira rasmi. Na kama bado unadaiwa wa zamani kumbuka 15% ya mshahara wako wa msingi inakatwa kila mwezi, kwahiyo panga ada kwa kile kinachobaki mkononi. Uliza ada inalipwa kwa awamu ngapi na awamu zinadondokea mwezi gani, omba waraka wa ada wote wenye michango midogo midogo, kitambulisho, mitihani, bima (kama una kadi ya bima ya kazini uliza kama wanakuondolea hiyo). Nauli na chakula cha jioni viandike pia, kwa mwaka ni hela ya maana.

Hatua ya 6: Ongea na mwajiri mapema, kwa maandishi

Sheria inakupa likizo ya mwaka siku 28, likizo ya mitihani haimo. Kwahiyo zile 28 ndo benki yako. Chukua almanaka ya chuo, angalia wiki za mitihani, alafu omba likizo yako igawanywe iangukie humo, na barua iandike mwezi wa kwanza wa mwaka, usisubiri wiki moja kabla. Ukiniletea barua yenye tarehe kamili na jina la mtu atakayeshika kazi zako, mimi sina sababu ya kukataa. Ukiniletea "naomba ruhusa ya masomo" bila tarehe, bosi juu ataikataa kabla sijafungua mdomo. Walio serikalini nyie ruhusa ya mwajiri ipate kwanza ndo uanze masomo, ukisoma kimya kimya unaweza kusumbuka baadaye kwenye kutambuliwa hiyo digrii na kubadilishiwa muundo wa kazi.

Hatua ya 7: Nenda ukaone darasa

Siku ya kazi, jioni, toka ofisini kama kawaida yako uende mpaka chuoni. Ona umefika saa ngapi. Simama nje ya darasa uone mwalimu kaja au hajaja, wanafunzi wamejaa au wako sita, alafu uongee na wa mwaka wa pili wakati wanatoka. Waulize matokeo yanachukua muda gani kutoka, koswaku (alama za testi na asaimenti za ndani ya semista) inakuwaje kwa mtu aliyekosa testi kwa sababu ya kazi, na sapu, yaani mitihani ya marudio, zinafanyika lini. Vyuo vingi ni 40 ya koswaku na 60 ya mtihani wa mwisho, kwahiyo mwalimu asiyekubali kukupa testi ya fidia anaweza kukubebesha somo mwaka mzima.

Ukishamaliza hayo tuma maombi moja kwa moja chuoni, unaweza kuomba zaidi ya kimoja, na ukichaguliwa viwili au vitatu lazima uthibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa ile namba ya siri inayokuja kwenye simu. Laini uliyojazia usiibadilishe mpaka uthibitisho umepokelewa.