Adabu za kuvua kwa chambo cha manyoya kwenye Mto Nile nchini Uganda, kuanzia Jinja hadi Murchison

Chambo cha manyoya hakina uzito. Ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na dagaa au mdudu, na ukijaribu kuirusha kama unavyorusha ndoana yenye risasi itakuangukia miguuni. Kinachoruka ni mshipi wenyewe, uliotengenezwa mnene na mzito kwa makusudi. Ili uende mita 20 mbele, sharti kwanza unyooke mita nyingi nyuma yako, na ndoana ipite usawa wa kichwa kwa kasi ya kutosha kuzama mwilini mwa mtu. Adabu nyingi za uvuvi huu zimetoka hapo. Mvuvi wa ndoana ya kawaida anamiliki maji yaliyo mbele yake tu. Wewe unahitaji na nchi kavu iliyo nyuma yako, na kwenye Nile nchi kavu hiyo mara nyingi ina watu.

Hodi kabla ya kukaribia

Ukimkuta mtu anavua, usimjie kwa nyuma. Zunguka mpaka mahali atakapokuona kwa pembeni, simama, piga hodi. Subiri mshipi wake utue majini, akuitikie, ndipo upite. Ukitaka kuvua jirani naye, mwulize anaelekea upande gani wa mto kabla hujafungua mfuko. Mita 30 kati ya mtu na mtu ndiyo nafasi ndogo kabisa ya kuvumilika. Kwenye ukingo mpana acha 50.

Karibu na vijiji vya Jinja wanaopita nyuma yako si wavuvi. Ni watoto wenye madumu ya maji, akina mama wenye nguo za kufua, kijana wa boda boda anayeosha pikipiki. Hakuna aliyewaambia kwamba mshipi wako unarudi nyuma, na hawana sababu ya kujua. Jukumu ni lako peke yako: geuza kichwa utazame nyuma kila mara kabla ya kuinua mshipi kutoka majini, hata kama dakika moja iliyopita hapakuwa na mtu. Watoto wakikusanyika kutazama, na watakusanyika, wakalishe upande wa bega usilolitumia, mita tano au zaidi, uwaonyeshe ndoana kwa karibu waelewe. Vaa kofia na miwani. Bana kijino cha ndoana kwa koleo mpaka kilale kabisa. Ndoana isiyo na kijino hutoka mwilini kwa njia ileile iliyoingilia, lakini yenye kijino humpeleka mtu hospitali. Ikiingia karibu na jicho, yenye kijino au isiyo nacho, usiiguse. Kata uzi, funika pasipo kukandamiza, mwahishe mgonjwa kwa daktari.

Ndani ya mtumbwi nafasi ni finyu zaidi, kwa hiyo mpangilio unafanywa kabla ya kuondoka. Warushaji wasizidi wawili, mmoja omo na mmoja tezi, na mtu wa chombo akae katikati akiwa ameinama. Wasirushe kwa pamoja: mmoja akiwa hewani, wa pili anavuta. Wakivua upande wa kushoto wa chombo, anayetumia mkono wa kulia akae omo, kwa sababu mshipi wake utapita nje ya mtumbwi. Akikaa tezi, ndoana itapita juu ya vichwa vya wenzake wote. Upande wa kulia hesabu inageuka. Wengi huligundua hili wakati kofia ya nahodha imeshaondoka.

Nani alitangulia

Aliyefika kwanza ndiye mwenye mahali. Hilo kila mtu analikubali mdomoni. Shida huanza kwenye mkondo mrefu unaoweza kuvuliwa na watu wanne, na mmoja ameganda katikati kama nguzo. Kawaida ya kuvua kwa kurusha upande na kuacha mkondo ubebe chambo ni hii: unarusha, unaacha chambo kizunguke mpaka kinyooke chini yako, unavuta, kisha unashuka hatua mbili kufuata maji yanakoelekea. Unarusha tena. Anayefika baadaye anaingia juu ya aliyetangulia, nyuma yake, na kumfuata kwa mwendo uleule. Ukifika mwisho unatoka, unazunguka kwa nyuma ya wote, unajiunga mkiani. Kosa kubwa ni kuingia chini ya mwenzako, mita chache mbele ya chambo chake. Umemkatia maji ambayo alikuwa ameyangoja nusu saa.

Anayevua kwa kupanda mto, akirusha juu kuelekea kichwa cha mkondo, anakwenda kinyume. Mkikutana uso kwa uso, mmoja lazima atoke majini na azunguke, na ni vyema atoke yule ambaye kutoka kwake ni rahisi.

Samaki akinasa kwa mwenzako, vuta mshipi wako wote mara moja na uache njia. Sangara wa kilo 30 hageuki kwa heshima ya mishipi ya watu. Akishuka na mkondo, mwenye samaki anamfuata akiwa ukingoni, na kila aliye njiani anasogea nyuma bila kuombwa. Usikimbie na neti kumsaidia mpaka akuite. Samaki wengi hupotea dakika ya mwisho kwa sababu ya msaidizi aliyegonga uzi kwa ukingo wa neti.

Kwenye maporomoko ya chini ya Jinja kuna pia mashua za mpira za watalii na wenye kayaki. Hawawezi kusimama katikati ya maji makali, wewe unaweza. Ukisikia kelele zao juu ya mto, vuta mshipi, inamisha fimbo, waache wapite.

Wenyeji wa maji

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, wakidhani adabu ni jambo la wavuvi wa fimbo kwa wenzao tu. Mto una wenyewe. Mwaloni, pale samaki wanapoteremshwa, kuna kamati, kuna wazee, kuna watu ambao karo ya watoto inatoka kwenye wavu. Fika, salimia, jitambulishe, eleza unavua nini na kama unawarudisha samaki au la. Usogani, upande wa Jinja, salamu ya "kodheyo" inafungua mlango kuliko Kiingereza chochote. Kumbuka pia kwamba mwaka 2017 jeshi la Uganda, UPDF, lilianza kusimamia uvuvi kwenye maziwa, na wavuvi wengi wameona mitumbwi na nyavu zikichomwa. Mgeni anayeshuka ukingoni na vyombo asivyovijua mtu anaweza kutiliwa shaka. Dakika kumi za maongezi zinaondoa shaka hiyo.

Chupa tupu, vipande vya kandambili na madumu madogo yanayoelea kwa mstari ni alama za nyavu, na wakati mwingine za mshipi mrefu wenye ndoana nyingi. Usirushe juu yake. Ndoana yako ikinasa kwenye wavu, usikate wavu hata uzi mmoja. Shika mshipi mzito kwa mkono, vuta taratibu kwa mstari ulionyooka mpaka uzi wa mbele ukatike, kisha mwambie mwenye wavu kuna ndoana humo. Atakapouchambua gizani mikono yake ndiyo itakayoikuta.

Baadhi ya maporomoko ni mahali pa ibada. Maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga waliyahesabu kuwa makao ya mzimu wa Budhagaali, yalizama kuanzia mwishoni mwa 2011 bwawa la umeme lilipojazwa maji, na uchungu wake haujaisha. Itanda na Kalagala bado watu huenda kuomba. Ukiona vitambaa, vibuyu au moto mdogo kando ya mwamba, tafuta mahali pengine, na usipige picha bila ruhusa.

Mabwawa yanaleta jambo jingine la vitendo. Maji yanapanda na kushuka kufuatana na umeme unaohitajika, bila mvua yoyote. Ukifika, weka jiwe dogo pale maji yanapoishia. Likizama, rudi ukingoni kabla mwamba uliosimama haujawa kisiwa.

Chini ya Maporomoko ya Murchison

Sehemu kubwa ya maji ya Nile inapita kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43, na sangara, ngasia (samaki wa meno makali, kwa Kiingereza tigerfish) na kambare wakubwa wanangoja chini yake. Sangara ni wenyeji wa Ziwa Albert na sehemu hii ya mto. Maporomoko ndiyo yaliyowazuia kupanda, mpaka watu walipowapeleka Kyoga na Victoria miaka ya 1950. Kibali cha kuvua hifadhini kinatolewa na UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Kilipie kabla ya kukodi chombo, na kiwe nacho mkononi siku nzima.

Kule adabu ya kwanza ni kumsikiliza askari wa hifadhi. Mwite afande, mwulize pa kusimama, na akisema ondokeni, ondokeni hapohapo, hata kama fimbo imepinda. Usiingie majini hata kifundoni. Simama juu ya mwamba, au mita tatu hadi tano kutoka ukingoni. Usirudi mahali palepale kila baada ya dakika chache, kwa kuwa mamba hujifunza mazoea yako. Mfereji wa matope uliolimwa ukingoni ni njia ya kiboko. Usisimame juu yake wala kuweka mizigo hapo, na usiwe kati ya kiboko na maji. Nahodha azime injini mbali, akisogea kwa kasia, na asikate mbele ya chombo kingine kinachovua.

Samaki aliye mkononi

Kumrudisha samaki aliyekwisha kufa ndani hakuna maana. Maisha yake yanaamuliwa na fimbo uliyochagua asubuhi. Namba ya fimbo inaonyesha uzito wa mshipi inaoubeba, na kubwa ni ya samaki wenye nguvu zaidi. Kwa kisinja (samaki ambaye kwa Kiingereza ni barbel) wa maporomoko ya Jinja fimbo namba 6 au 7 inatosha. Ngasia anataka namba 8 au 9, na sm 20 hadi 30 za waya mbele ya ndoana, kwa sababu meno yake yanakata uzi kama wembe na kumwacha akiogelea na ndoana mdomoni. Sangara anataka namba 10 hadi 12 na uzi wa mbele wa kubeba kilo 20 au zaidi. Kuvua sangara kwa uzi mwembamba wengine wanakuita ufundi. Ni ukatili. Vita vinachukua saa nzima, maji ni ya moto na hewa iliyomo ni kidogo, naye anafia mbali ambako hutamwona.

Tayarisha kamera kwanza. Samaki akifika, abaki majini ndani ya neti ya mpira yenye mpini mrefu. Neti ya nailoni yenye mafundo inakwangua ute unaomkinga na magonjwa. Lowesha mikono. Toa ndoana kwa koleo refu, na kwa ngasia usipeleke kidole karibu na mdomo, hata akionekana amelala. Sangara ana kingo kali kwenye kifuniko cha shavu. Wanaoingiza mkono hapo hujikata, na wanachana mashavu ya samaki pia. Mnyanyue akiwa amelala, mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine shina la mkia. Usimning'inize kwa taya. Aliyezidi kilo 20 apigwe picha akiwa majini. Kwa wadogo, ziba pumzi yako unapomtoa, na ukiishiwa naye ameishiwa. Sekunde kumi.

Kumzindua, elekeza kichwa chake kwenye mkondo na umwache avute maji mwenyewe. Usimsukume mbele na nyuma, maana maji yakiingia kinyume hayampi hewa. Mahali penye mamba fanya hivyo ndani ya neti kando ya mtumbwi, mkono ukiwa kwenye mpini. Akipiga mkia kwa nguvu, inamisha neti.

Sangara aliyevutwa kutoka kina kirefu hupanda na tumbo lililovimba, wakati mwingine na kitu kama puto jekundu mdomoni. Hilo ni tumbo lake, usilitoboe. Atashindwa kuzama. Ukiona wawili wa namna hiyo, hama, uvue maji yasiyozidi mita kumi. Ndoana iliyomezwa mpaka kooni, kata uzi karibu nayo. Anayetoka damu nyingi kwenye mashavu hatapona: nje ya hifadhi, kama sheria inaruhusu, mwue haraka na umpeleke kwa watu wa mwaloni. Kwenye Ziwa Victoria sangara wa chini ya sm 50 hatolewi.

Kabla ya kuondoka

Vipande vya uzi visiachwe, hata vya sm 5. Furukombe na korongo nyangumi (ndege mkubwa wa mdomo mpana) wa delta ya Nile kwenye Ziwa Albert hunaswa miguu, na uzi wa nailoni hauozi kwa miaka mingi. Vikusanye kwenye kopo lenye kifuniko. Viatu, neti na mifuko visafishwe na vikaukie juani kabisa kabla ya kwenda maji mengine, kwa sababu kipande kimoja cha gugumaji kilichong'ang'ania kwenye neti kinatosha kuanzisha kichaka kipya. Kama uliingia majini tulivu yenye majani karibu na Jinja, nenda kapime kichocho baada ya wiki sita hadi nane, na mwambie aliyekuwa nawe naye aende.