Jinsi ya Kumsaidia Mzee Asiye na Uwezo Kupata Dawa Bila Kulipia: Mwongozo kwa Familia za Dodoma

Mzee aliyetimiza miaka 60 na asiye na uwezo wa kulipia matibabu anastahili kutibiwa bila malipo katika vituo vya afya vya Serikali, na dawa anazoandikiwa ni sehemu ya matibabu hayo. Jambo hili limo katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na katika Sera ya Afya ya mwaka 2007, lakini katika vijiji vya Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa bado utakuta familia inauza debe la alizeti ili bibi apate vidonge vya presha vya mwezi mmoja. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilimnunulia mama dawa za presha na za sukari kwa zaidi ya mwaka mzima kabla jirani hajaniuliza kwa nini mama hana kadi ya msamaha, yaani ya kutibiwa bila malipo, na sikuwa na jibu isipokuwa kwamba sikuwahi kuuliza. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayemlea mzazi, babu au bibi katika hali kama hiyo, na nitakaa zaidi pale ambapo mambo hukwama, yaani kwenye dirisha la dawa.

Kadi itafutwe mzee akiwa mzima

Wengi wetu huanza kuhangaikia karatasi siku ambayo mzee amekwisha kulazwa. Ni kweli kwamba hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii ndani yake, na ofisi hiyo inaweza kumtazama mgonjwa asiye na fedha na kumpatia msamaha wa siku ile, lakini msamaha wa namna hiyo humalizika na tukio lenyewe, na mwezi unaofuata mnaanza upya mkiwa mmechoka. Kadi ya kudumu huanzia kijijini au mtaani. Nendeni kwa mwenyekiti, kisha kwa afisa mtendaji, ambaye ataandika barua ya utambulisho inayotaja jina la mzee, umri wake, mahali anapoishi na hali yake ya maisha. Barua hiyo hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, naye huthibitisha kwamba mzee kweli hana uwezo, na halmashauri ndiyo inayotoa kadi. Beba picha ndogo mbili za mzee, nakala ya kitambulisho cha Taifa au ya kadi ya mpiga kura, na ikiwa kaya imo katika mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaosaidia kaya maskini, beba pia uthibitisho wa unufaika, kwa sababu kaya hiyo ilikwisha kutambuliwa kuwa ni maskini mbele ya wanakijiji wenzake na huo ni ushahidi mzito kuliko maelezo marefu.

Suala la umri huwasumbua wazee wengi wa huku kwetu, waliozaliwa nyumbani na kuandikishwa kwa kukadiriwa. Tazama namba ya kitambulisho cha Taifa: tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kama zilivyoandikishwa, na afisa yeyote atazisoma hizo kwanza. Kama mwaka ulioandikwa unamfanya mzee aonekane kijana kuliko alivyo, usisubiri mpaka akataliwe dirishani, bali anza mapema kushughulikia marekebisho, na wakati huo huo omba baraza la wazee la kijiji limthibitishe. Mzee anayekumbuka alikuwa amekwisha kuzaliwa siku ya Uhuru, Desemba 9, 1961, amepita miaka 60, na wazee wenzake waliokua naye wanaweza kulisema hilo kwa maandishi.

Neno lingine linaloleta ubishi ni "asiye na uwezo". Msamaha haukukusudiwa kila mwenye mvi, na mzee mwenye kipato chake halali cha kutosha asimchukulie nafasi mwenzake. Hata hivyo, nyumba ya tembe, mbuzi wawili na mtoto anayetuma fedha kidogo mara moja moja kutoka Dar es Salaam havimfanyi mtu kuwa na uwezo wa kununua dawa kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Eleza mambo kama yalivyo, usifiche wala usitie chumvi, na mwache mzee mwenyewe azungumze pale anapoweza, kwa kuwa maofisa wengi husikiliza kwa makini zaidi mzee akisema kwa kinywa chake.

Mstaafu wa utumishi wa umma aulize kwanza kama bado anahudumiwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, maana wapo wastaafu wanaoendelea kuhudumiwa pamoja na wenzi wao bila wao kujua, na njia hiyo ni nyepesi kuliko ya msamaha.

Ndani ya chumba cha daktari, kabla ya kufika dirishani

Vituo vingi vimetenga dirisha la wazee, na kibao cha "Mpishe Mzee Apate Huduma Kwanza" utakiona ukutani. Kibao hicho kinampunguzia mzee foleni, nacho ni msaada wa kweli kwa mtu mwenye magoti mabovu, ila hakijazi rafu ya dawa. Kazi yako kubwa iko chumbani kwa daktari, wakati kalamu ingali mkononi mwake. Baada ya salamu, mwambie waziwazi: "Daktari, mama anatibiwa kwa kadi ya msamaha na hatuna uwezo wa kununua nje. Dawa hii ipo hapa leo? Kama haipo, kuna nyingine iliyopo inayofanya kazi hiyo hiyo?" Nimeona daktari akinyanyua simu, akauliza famasi, akafuta mstari mmoja na kuandika dawa nyingine iliyokuwapo, na jambo lililokuwa litugharimu safari na fedha likaisha kwa dakika mbili.

Mwombe pia aandike dawa kwa jina lake la asili, wala si kwa jina la biashara ambalo kiwanda kimeipa. Amlodipine ni amlodipine, metformin ni metformin, kwa jina lolote linalochapwa juu ya boksi, na mara nyingi ile yenye jina la asili pekee huuzwa kwa bei ndogo zaidi. Jambo hili lilituponza. Mama alikuwa akihifadhi dawa zake katika kopo la kahawa juu ya kabati, na siku moja nilipolimwaga mkekani nikakuta karatasi mbili za vidonge zenye rangi tofauti, moja ya kituoni na nyingine niliyoinunua dukani. Nilipoyasogeza maandishi madogo karibu na dirisha nikasoma neno lile lile katika zote mbili: amlodipine. Alikuwa anameza zote mbili kila asubuhi akidhani ni dawa mbili, miguu ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii, na mimi nilikuwa nikilipia kitu alichokwisha kupewa bure. Tangu siku hiyo kopo lote huenda kliniki pamoja nasi, na muuguzi hulikagua.

"Dawa hakuna" ina maana zaidi ya moja

Ukiambiwa dirishani kwamba dawa hakuna, usiondoke kabla hujajua ni kwa nini, kwa sababu kila sababu ina dawa yake. Inawezekana kwamba dawa hiyo hairuhusiwi kutolewa katika ngazi ile. Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo la mwaka 2021, unaonyesha kila dawa inaanzia ngazi gani ya huduma, kutoka zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya hadi hospitali za rufaa. Dawa ya ngazi ya juu hutaipata zahanati hata ukirudi mara kumi, na unachohitaji hapo ni barua ya rufaa. Ichukue, wala usiruke ngazi kwa kwenda moja kwa moja mjini, kwa kuwa mzee anayefika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa bila rufaa anaweza kutakiwa kulipa licha ya kadi yake.

Inawezekana pia kwamba dawa inaruhusiwa lakini imeisha. Hapo uliza kwa heshima kama imeagizwa na lini inatarajiwa, kisha uliza kama kituo cha jirani kinayo. Vituo vya Serikali huagiza dawa Bohari ya Dawa, lakini Bohari ikikosa, kituo hakijafungwa mikono. Utaratibu uitwao Jazia, ulioanzia hapa hapa mkoani Dodoma mwaka 2014 na baadaye ukaenea mikoa yote ya Tanzania Bara, unaruhusu vituo kununua dawa zilizokosekana kutoka kwa mshitiri, yaani muuzaji wa dawa aliyechaguliwa na mkoa. Fedha zinazotumika ni zile zinazokusanywa na kituo chenyewe, na matumizi yake husimamiwa na kamati ya kituo yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi. Kwa hiyo, ikiwa dawa ya presha inakosekana mwezi baada ya mwezi, mtafute mjumbe wa kamati anayeishi kijijini kwenu, umpe jina la dawa na tarehe mlizozikosa. Malalamiko ya jumla kwamba dawa hazipatikani ni rahisi kuyajibu kwa maneno ya jumla. Jina moja na tarehe tatu si rahisi kuzipuuza.

Sababu nyingine ni ile niliyokwisha kuigusia, kwamba cheti kimeandikwa jina la biashara na dawa yenyewe ipo rafuni kwa jina la asili. Swali moja tu, "Je, kuna nyingine yenye kiini hiki hiki?", linatosha.

Ikilazimu kununua, elewa tofauti ya maduka. Duka la dawa muhimu, ambalo ndilo lililo karibu na watu wengi wa vijijini, linaruhusiwa kuuza dawa zilizo katika orodha yake tu, ilhali famasi kubwa ya mjini chini ya mfamasia ina wigo mpana zaidi. Uliza bei katika maduka mawili au matatu, taja jina la asili, omba risiti, na nunua kiasi cha kufikia tarehe ambayo kituo kinatarajia mzigo, badala ya kununua mwezi mzima kwa hofu. Ukiona dawa yenye alama ya GOT inauzwa dukani, hiyo ni dawa ya Serikali na haikupaswa kuwapo pale. Usiinunue, toa taarifa. Jambo nisiloweza kulisisitiza vya kutosha ni kwamba mzee asiambiwe ameze siku moja na kuacha siku inayofuata ili dawa idumu. Presha haiumi, kwa hiyo mzee ataona ni sawa tu, mpaka siku atakapopooza upande mmoja.

Dawa zisizolipiwa na mtu yeyote, na habari ya bima

Dawa za kifua kikuu, za ukoma na za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure kwa watu wote katika vituo vya Serikali, awe mzee au kijana, awe na kadi au asiwe nayo. Mzee akitozwa kwa dawa hizo, amekosewa.

Kuhusu bima, watu wa Dodoma wanaifahamu zaidi CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo mchango wake uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na sheria hiyo inatambua kwamba wapo watu wasio na uwezo ambao mchango wao utalipwa kwa niaba yao. Utambuzi wa watu hao hupita katika mikono ile ile ya serikali ya kijiji na ustawi wa jamii, na ndiyo sababu nyingine ya kuhakikisha jina la mzee limo katika orodha ya wasio na uwezo na limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho, maana "Mazengo" na "Masengo" kwenye kompyuta ni watu wawili.

Mkikataliwa

Anza na mganga mfawidhi wa kituo, na mara nyingi mambo huishia hapo, kwa sababu aliyewakatalia dirishani huenda ni mgeni kazini na hajui utaratibu. Ikishindikana, nenda kwa afisa ustawi wa jamii aliyethibitisha kadi, kisha kwa mganga mkuu wa wilaya au wa jiji. Wizara ya Afya pia ina namba ya simu isiyotozwa, 199. Andika kila mara tarehe, jina la dawa na maneno mliyoambiwa. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, tulitozwa fedha ambazo hazikupaswa kutozwa, na kwa kuwa sikudai risiti sikuwa na cha kuonyesha.

Sasa tuna bahasha moja ya plastiki inayoning'inia nyuma ya mlango wa mama: kadi ya msamaha na nakala yake, nakala ya kitambulisho, daftari la kliniki, barua za rufaa za zamani na karatasi yenye majina ya asili ya dawa zake zote. Siku tano kabla ya tarehe ya kliniki mjukuu wake humwaga kopo mkekani na kuhesabu vidonge vilivyobaki, kisha hunipigia simu nami naulizia kituoni kama mzigo umefika, kabla mama hajapanda bodaboda.