Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kutoka Tanga hadi Guangzhou

Mfanyabiashara wa Tanga anayekwenda Guangzhou, China, kufuata bidhaa akiuliza safari ni ya saa ngapi, mara nyingi hutajiwa muda wa ndege kuwa angani tu. Hesabu ya kuaminika huanzia stendi ya mabasi ya Kange, hapo Tanga.

Kwa mstari ulionyooka, Tanga na Dar es Salaam hazitengani hata kilomita 200, lakini basi la Segera na Chalinze hutembea takriban kilomita 350, nalo huchukua saa sita hivi, pengine zaidi. Ukishuka kwenye stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, bado una jiji zima la kulivuka, na uwanjani unatakiwa uwepo saa tatu kabla ya ndege kuondoka.

Umbali wa angani usiupime kwa rula juu ya ramani ya ukutani, kwa sababu dunia ni tufe na ramani bapa huipotosha. Tafuta tufe la shuleni, ukaze uzi kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou kwa njia iliyo fupi kabisa, kisha uulaze uzi huo kwenye ikweta ya tufe lilelile, ambayo mzunguko wake wote ni takriban kilomita 40,000, uone umechukua sehemu gani ya mzunguko huo. Utapata kilomita 8,700 hivi. Zigawe kwa 850, ambayo ni kasi ya kawaida ya ndege kubwa kwa saa, uongeze nusu saa ya kupaa na kutua, nawe utapata karibu saa kumi na dakika 45.

Ukipitia Dubai, vipande viwili vya kilomita 4,000 na 5,800 vinaongeza umbali kwa kilomita 1,100 tu. Kinachorefusha safari hasa ni kusubiri ndege ya pili, kwa hiyo kabla ya kufurahia nauli nafuu, angalia kwanza utakaa Dubai kwa muda gani.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali ndege inapoondokea na inapotua, na Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. Ndege ya moja kwa moja ikiondoka Dar es Salaam saa tano usiku, itatua huku kwetu ikiwa saa nne kasorobo asubuhi, ilhali kwao ni saa tisa kasorobo alasiri.

Jambo la kuangaliwa kwa makini kuliko yote ni ndege za baada ya usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa 00:30 tarehe 15, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 15, si usiku unaofuata. Uwanjani unatakiwa saa tatu na nusu usiku wa tarehe 14, na basi la Tanga ulipande si zaidi ya asubuhi ya siku hiyohiyo.