Lenzi ya f/1.8: usiifungue yote kila mara
Kama unatembea na lenzi ya kamera ya 50mm f/1.8, iache kwenye f/2.8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na eneo linalotoka kali ni jembamba). Ukimpiga picha mtu wa karibu kwa f/1.8, jicho moja linatoka kali na la pili limeshaingia ukungu, hasa akigeuka kidogo tu. Kwenye f/2.8 macho yote mawili yana nafasi nzuri ya kutoka safi, lenzi nyingi hapo huwa kali zaidi, na nyuma bado kunalainika. Ila inapitisha chini ya nusu ya mwanga wa f/1.8, kwa hiyo usiku ndani ya nyumba fungua yote bila kusita. Watu wakisimama safu mbili, hata f/2.8 haitoshi: nenda f/5.6, au wapange mstari mmoja (mimi huwapanga).