Tanabata mtaani siku ya Saba Saba: hatua kwa hatua (na usimgeuze Juma kuwa Jiyuma)

Mwaka jana sisi tunaojifunza lugha ya Kijapani tuliipeleka Tanabata, sikukuu ya Wajapani ya kufunga maombi kwenye mwanzi, mtaani kwetu Dar, na kuna wenzetu wanataka kufanya pia, kwa hiyo nawaandikia hapa nisirudie rudie kwa kila mtu.

Siku usihangaike nayo. Tanabata ni tarehe 7 mwezi wa 7, Saba Saba kabisa, watu wako nyumbani. Mji wa Sendai kule Japani wanafanya Agosti, achana nao.

1. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa mapema.

2. Vifaa: tawi la mwanzi lenye majani, manila za rangi, panchi, uzi, maka peni. Manila mnakata vipande virefu vyembamba vya kuandikia maombi na majina, vinaitwa tanzaku. Brashi na wino sitaki hata kusikia, vinachuruzika na watoto wanajipaka mpaka masikioni.

3. Hadithi ianze KABLA hamjafunga kitu. Sisi tulianza kufunga, bibi mmoja akasimama: "Wajukuu zangu, majina ya watu mnayafunga kwenye mti, nani kawatuma?" Shikamoo bibi, ni hadithi tu ya Wajapani. "Marahaba, basi anzeni na hadithi." Tukakaa chini. Orihime binti mfuma nguo, Hikoboshi mchunga ng'ombe, walivyooana wakaacha kazi wakabaki kupendana tu, baba mtu akawatenganisha na mto wa angani, wanaonana usiku mmoja kwa mwaka. Bibi akacheka, akaomba karatasi ya njano.

4. Majina. Hapa ndo nililala saa nane usiku. Mtu anaandika ombi lake kwa Kiswahili, nyie mnamwandikia jina kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia maneno na majina ya kigeni. Silabi zetu na zao zinafanana sana, Amani na Sakina wanaingia bila shida, ila L hawana, Halima anakuwa Harima, mwambie mapema. Pa kuangalia ni hapa:

Juma ni ジュマ, hiyo ュ iwe ndogo, ukiiandika kubwa inasomeka Jiyuma. Asha naye hivyohivyo, アシャ.

Hassan anaishia na ン, mkwaju wake mrefu unapanda kutoka chini. Ukiushusha kutoka juu umeandika ソ, yani Hasaso.

Halafu Neema na Saada, wenye irabu ndefu. Kwa mlalo ni ネーマ, mstari umelala. Lakini tanzaku zinaandikwa wima, na kwenye wima huo mstari lazima USIMAME. Mimi niliulaza kwenye zote, mwalimu wetu akachukua moja akaiangalia weee, akauliza, "Huyu Neema ana namba moja katikati ya jina?" Kweli, ukilala kwenye wima unasomeka kanji (herufi zao zenye asili ya Kichina) ya moja. Nikarudia zote. App za simu siziamini, yangu ilimsoma Neema kama Niima, afadhali chati ya katakana ukutani na mtu mmoja wa kukagua kabla ya panchi.

5. Fungeni.

6. Saa tatu usiku zimeni taa, angalieni kaskazini mashariki. Nyota nyeupe inayong'aa sana upande huo ndo Orihime, yaani nyota ya Vega, na kulia kwake, karibu kimo kilekile, ni Hikoboshi, yaani Altair. Watoto watabishana ipi ni ipi, waacheni.

Mwanzi msiulaze nje. Sisi asubuhi tulikuta mbuzi wa jirani kashakula majani yote na maombi ya watu kama sita hivi.