SOMO: Umemtembelea rafiki jijini na unataka kununua chakula? Soma hapa kabla hujatoka

Wakuu, salaam. Swali hili limeulizwa hapa mpaka vidole vimeniota sugu. Mtu yuko kwa rafiki yake jijini, anaona haya kula bure, anatoka peke yake kwenda kununua chakula, anarudi na mizigo ambayo nusu yake inaishia kwenye pipa la taka. Sasa naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu bila hata salamu.

Nazungumzia vyakula vya kupika nyumbani, si kwenda kula hotelini. Na nazungumzia jiji lolote, kwa hiyo usiniulize bei wala jina la duka.

HATUA YA 1: Muulize mwenyeji.
Usimuulize "nilete nini?", maana jibu lake linajulikana: "usijisumbue." Mwambie, "Leo jioni napika mimi. Mafuta yapo? Vitunguu vipo? Kuna mtu humu asiyekula kitu fulani?" Hapo atakujibu ukweli, kwa sababu umeshaamua na yeye anakusaidia tu. Hilo la mwisho ndilo zito. Mzio wa karanga, mayai, maziwa au samaki si mapozi, na makatazo ya dini au ya daktari hayabahatishwi.

HATUA YA 2: Omba ruhusa, fungua friji na kabati, piga picha kwa simu.

HATUA YA 3: Andika orodha kwa milo, si kwa vitu. Kama unaondoka Jumapili asubuhi, usimwachie mtu anayeishi peke yake kabichi zima.

HATUA YA 4: Soko au supamaketi?
Vyote viwili, kama miguu inaruhusu. Mboga, matunda na samaki, sokoni, vilivyofungwa, supamaketi. Sokoni nenda asubuhi ukitaka kuchagua, nenda jioni ukitaka kupunguziwa, maana muuzaji hataki kulala na mboga zinazonyauka. Supamaketi usitazame bei kubwa peke yake. Tafuta maandishi madogo ya bei kwa kilo au kwa lita pembeni yake, pale yanapowekwa. Pakiti kubwa si lazima iwe nafuu. Na inama kidogo, kwa sababu vitu ambavyo duka linataka sana uvichukue huwekwa usawa wa macho.

HATUA YA 5: Soma lebo.
Kuna tarehe za aina mbili na watu wanazichanganya kila siku. "Tumia kabla ya" ni ya usalama, na hukaa kwenye nyama, samaki na vinavyoharibika haraka, ikipita, basi. "Bora kabla ya" ni ya ubora: biskuti zilizopita kidogo zitakuwa zimelegea tu. Halafu viambato. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex Alimentarius, vilivyoanzishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, FAO (la chakula) na WHO (la afya), mwaka 1963, viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Kwa hiyo kinywaji chenye picha ya tunda ambacho lebo inaanza na maji na sukari, tunda likiwa mkiani, ujue unanunua picha.

HATUA YA 6: VYA BARIDI VIWE VYA MWISHO. Someni hapa polepole.
Hapa niliwahi kuharibu, na hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu. Mgeni anahesabu umbali, wakati jiji linahesabiwa kwa muda. "Ni vituo vitatu tu." Sawa, lakini kuna foleni ya keshia, kuna kusubiri basi, kuna kushuka kituo kisicho chako, kuna lifti iliyoharibika. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za sentigredi. Nyama, samaki, maziwa na vyakula vilivyopikwa visikae humo zaidi ya saa mbili kwa jumla, na joto la nje likizidi nyuzi 32, iwe saa moja. Muda unaanza pale kitu kinapotoka kwenye baridi ya muuzaji, si pale unapopanda basi. Kwa hiyo anza na vikavu, fuata mboga na matunda, kisha nyama, samaki, maziwa na vilivyogandishwa, halafu keshia, halafu nyumbani moja kwa moja. Hakuna kupita kuangalia mnara.

Onyo: nyama mbichi na samaki viwe kwenye mfuko wao. Majimaji yake yakidondokea matunda utakayokula bila kupika, umeshaharibu vyote viwili.
Onyo: usitegemee pua. Bakteria wengi wanaougulisha watu hawatoi harufu yoyote.
Onyo: usiseme "nitachemsha sana." Sumu inayotengenezwa na bakteria aina ya Staphylococcus aureus huvumilia moto. Bakteria watakufa, sumu itabaki sufuriani.
Onyo: usiache ununuzi ndani ya gari lililofungwa juani "dakika tano tu".

Ukiweza, beba mfuko unaotunza baridi, na vilivyogandishwa uvibananishe na nyama vifanye kazi ya barafu.

HATUA YA 7: Kuchagua.
Samaki: jicho liwe angavu na limetuna, lisiwe na ukungu wala halijadidimia. Funua matamvua, yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi. Alama ya kidole ikibaki, mrudishie mwenyewe. Kopo lililovimba usiliguse, na lililobonyea kwenye mshono liache hapo hapo. Pakiti ya vilivyogandishwa ikiwa imeshikamana kuwa bonge moja, huenda iliyeyuka ikagandishwa tena.

HATUA YA 8: Ukifika.
Vya baridi viingie frijini kwanza, salamu baadaye. Nyama mbichi rafu ya chini, ili isidondokee chochote. Kuku usimwoshe bombani. Matone yanaruka na bakteria wanasambaa kwenye sinki na vyombo, wakati moto wa kupikia utawaua bila msaada wako. Risiti itie mfukoni mwako, isikae juu ya meza.

Maswali karibuni.

---

Kapu Tupu: Mkuu somo zuri sana. Kwani kilo ya nyama huko ni bei gani?

Mtoa somo: Aya ya pili.

Kapu Tupu: Makadirio tu mkuu.

Mtoa somo: Huko wapi?

Mama Mboga Mboga: Asante kwa somo. Naomba kuuliza, mwenyeji wangu alinikataza kuweka vitunguu kapu moja na viazi. Kuna sababu au ni mazoea tu?

Mtoa somo: Dada, swali zuri, na mwenyeji wako yuko sahihi. Viazi vinapumua na kutoa unyevu, na kitunguu hakipendi unyevu, huoza haraka. Viazi vinataka giza pia. Vikikaa kwenye mwanga vinageuka kijani, na huo ukijani ni dalili kwamba solanini, sumu ya asili ya kiazi, inaweza kuwa imeongezeka. Kidogo, kata sehemu hiyo kwa kina, kimeenea, tupa. Kukichemsha hakuondoi solanini.
Kuna na hili la matunda. Ndizi mbivu, tufaha na nyanya hutoa gesi ya ethilini inayoivisha majirani zake. Ukiyaweka pamoja na mboga za majani, majani yanageuka njano upesi. Ila ukiwa na parachichi gumu na unataka kulila kesho kutwa, lifunge kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu. Gesi ile ile, kazi tofauti.

Mama Mboga Mboga: Kumbe! Ndiyo maana mchicha wangu ulikuwa unakufa kando ya ndizi. Asante sana.

Njia Panda: Nimenunua samaki saa nne asubuhi, nikazunguka mji kidogo, nimefika nyumbani saa tisa. Hajanuka hata kidogo. Nimpike?

Mtoa somo: Hatua ya 6. Tupa.

Njia Panda: Lakini hajanuka mkuu.

Mtoa somo: Hatua ya 6, onyo la pili.

Njia Panda: Na hela yangu?

Mtoa somo: Hela imeshakwenda. Usimlishe mwenyeji wako hasara yako.

Zamani Dhahabu: Mnatutisha na nyuzi zenu. Bibi zetu hawakuwa na friji na waliishi hadi uzeeni.

Mtoa somo: Bibi zetu hawakununua samaki asubuhi wakazunguka naye mjini hadi saa tisa. Walinunua cha siku hiyo wakakipika siku hiyo. Kilichozidi walikikausha, walikitia chumvi, au walikiweka juu ya moshi. Chumvi na kukausha huondoa maji ambayo bakteria wanayahitaji. Wewe hufanyi hata kimoja kati ya hivyo, halafu unamtaja bibi. Na waliokufa kwa tumbo hawakuandikiwa kumbukumbu.

Zamani Dhahabu: Nimekuelewa, usikasirike.

Mtoa somo: Sijakasirika. Nimejibu hili mara nyingi tu.

Sufuria Nyeusi: Naongezea kwa wanaopika. Wali uliobaki msiuache kwenye sufuria usiku kucha. Mimi ni mpishi, kazini tunautandaza kwenye sinia upoe haraka kisha unaingia frijini.

Mtoa somo: Shukrani mpishi. Sababu yake ni bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake huvumilia kuchemka, halafu wali unapokaa vuguvugu zinachipua na kutoa sumu. Na ukipasha moto, pasha mara moja tu, mpaka uwe moto katikati kabisa, nyuzi 70 na kuendelea.

Sufuria Nyeusi: Na maharage mekundu je? Kuna mgeni wetu aliyaweka kwenye ile sufuria ya umeme ya kupika polepole, sote tulitapika.

Mtoa somo: Hilo nilipaswa kuliweka juu. Maharage mekundu mabichi yana lektini, sumu ya asili inayotapisha, na joto la chini haliivunji. Loweka angalau saa tano, mwaga maji hayo, weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali dakika 30. Ukitaka sufuria ya polepole, iwe baada ya hapo. Ya kopo yameshapikwa, hayana shida hiyo.

Yai Viza: Na mimi nina yangu. Yai likielea kwenye maji limeoza, litupe.

Mtoa somo: Nusu kweli. Yai linapozeeka hupoteza maji kupitia ganda na kifuko cha hewa kinakua, ndiyo maana linaelea. Linakuambia umri. Lilivunje kwenye bakuli la peke yake. Lililooza halihitaji mtaalamu, utalijua. Ila usilivunje moja kwa moja juu ya unga wa watu.

Mgeni Rasmi: Mimi swali langu si la chakula hasa. Rafiki yangu hataki nilipe chochote. Nikileta vitu ananuna. Nifanyeje?

Mtoa somo: Huyo usimletee nyama na matunda ya kuonekana mezani, atajiona amelipwa. Nunua vile vinavyoisha bila mtu kutambua: mafuta, chumvi, mchele, majani ya chai, sabuni ya vyombo. Vitie mahali pake kabatini na usiseme neno. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakusema lazima apone mbele za watu. Au mpikie mlo mmoja mzima, wewe ununue, wewe upike, wewe uoshe vyombo. Ukiacha vyombo umeharibu.

Mgeni Rasmi: Hilo la vyombo limenigusa mahali pabaya.

Kapu Tupu: Mkuu na kuku je, bei yake?

Mtoa somo: ...

Ughaibuni: Niko Marekani kwa rafiki. Sokoni kila kitu ni pauni, nabaki nimeduwaa. Halafu friji yao kipimo kinasoma 40, nikajua imeharibika.

Mtoa somo: Ndugu, pauni moja ni gramu 454 hivi, na kilo moja ni pauni 2.2. Kwa haraka pale sokoni, chukua bei ya pauni, izidishe mara mbili, ongeza kidogo, umepata ya kilo. Aunsi ni gramu 28. Na friji haijaharibika. Hiyo 40 ni Farenhaiti, ni kama nyuzi 4 zetu, ndipo inapotakiwa.

Ughaibuni: Ee Mungu wangu. Niliizungusha jana usiku mpaka mwisho. Maziwa yameganda na saladi imekuwa kioo.

Mtoa somo: Irudishe ilipokuwa. Maziwa yaache yayeyuke humo humo frijini, kisha yatikise. Ladha itabadilika kidogo lakini kwa kupikia yanafaa. Saladi ukiweza itie kwenye supu. Na mwambie mwenyeji kabla hajafungua mwenyewe.