Faili lipo, lakini locate na find hazilioni

Umehifadhi faili asubuhi, unaliona kabisa kwenye folda, lakini `locate`, amri ya Linux ya kutafuta mafaili kwa jina, iko kimya. Kwanza jua unamuuliza nani. `locate` haipekui diski. Inasoma daftari la majina ya mafaili lililoandikwa na programu ya `updatedb`, kwa kawaida mara moja kwa siku. Anayepita folda kwa folda muda huo huo ni `find`. Waulize wote wawili:

`find ~ -iname '*ripoti*'`
`locate -i ripoti`

`find` ikilipata na `locate` ikalikosa, shida ni daftari. Endesha `sudo updatedb` (`sudo` huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi), kisha uliza tena. Bila `sudo` itagoma: kwenye Debian 12 na Ubuntu 22.04, zinazotumia plocate (toleo jipya la `locate`), daftari ni `/var/lib/plocate/plocate.db` na anayeruhusiwa kuliandika ni root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Ukijibiwa `No such file or directory` kuhusu faili hilo, hakuna kilichoharibika. Programu imewekwa punde na daftari halijaandikwa hata mara moja.

Daftari likiwa la zamani kila unapolitazama, angalia ratiba yake: `systemctl list-timers plocate-updatedb.timer`. Wenye laptop wachunguze pia `systemctl cat plocate-updatedb.service`. Wakikuta `ConditionACPower=true`, zamu ikifika mashine ikiwa kwenye betri hurukwa, wala hakuna anayekuambia.

Umeandika daftari upya na faili bado halionekani? Fungua `/etc/updatedb.conf`. `PRUNEPATHS` ni folda zinazorukwa, na kwenye Ubuntu `/tmp` na `/media` zimo. Flashi ukiichomeka huonekana chini ya `/media`, kwa hiyo `locate` haitaijua kamwe. Tumia `find` tu, kwani flashi ya leo kesho haipo. `PRUNEFS` nayo huruka diski za mtandao kama nfs. Linalosumbua watu zaidi ni `PRUNE_BIND_MOUNTS="yes"` kwenye mashine yenye mfumo wa mafaili wa btrfs: `/home` ikiwa subvolyumu (sehemu inayojitegemea ndani ya btrfs), `updatedb` huidhania bind mount, yaani folda ile ile iliyounganishwa mahali pa pili, na kuiacha nzima, kwa hiyo unapata mafaili ya `/usr` na `/etc` lakini ya kwako hata moja. Weka `"no"`, rudia `sudo updatedb`.

Kinyume chake, `locate` ikikuonyesha faili ulilokwisha kufuta, ongeza `-e`. Itathibitisha kila jina kwenye diski kabla ya kulitaja.

Sasa `find`. Kosa lake kuu ni kusahau alama za kunukuu. Ukiandika `find . -name *.pdf`, Bash, programu inayosoma amri zako, huifumbua nyota kuwa majina ya mafaili kabla `find` haijaiona. Folda uliyomo ikiwa na `hati.pdf` peke yake, umeshaamuru kutafuta `hati.pdf` na si PDF zote. Matokeo yanakuja machache, bila onyo. Zikiwa mbili, unapata `paths must precede expression`. Folda isipokuwa na PDF yoyote, amri inafanya kazi vizuri, ndiyo maana jana ilikubali na leo imekataa. Andika `'*.pdf'`, siku zote.

Hesabu zake pia hudanganya. `-mtime +1` ni mafaili yenye saa 48 au zaidi tangu yabadilishwe, si 24, kwa sababu sehemu ya siku hutupwa. `-size` hufanya kinyume, hupandisha juu: `-size -1M` hutoa mafaili matupu tu, kwani hata baiti moja huhesabiwa megabaiti nzima. Ukitaka yaliyo chini ya megabaiti moja, andika `-size -1048576c`.

Mistari ya `Permission denied` ikifunika majibu, malizia amri kwa `2>/dev/null`.

Mwisho, `-delete`. `find` husoma masharti kutoka kushoto, kwa hiyo `find . -delete -name '*.tmp'` hufuta kila kitu kabla ya kufika kwenye jina. Jaribu kwanza kwa `-print` mwishoni, soma orodha yote, ndipo ubadilishe neno hilo moja.